Bunduki ya Risasi Moja: Unachopata na Unachokosa kwa Bei Nafuu

Kila ikifika Oktoba hapa Ohio, napokea simu ya mtu wa kwetu anayetaka kununua bunduki yake ya kwanza ya kuwindia kulungu. Swali ni lile lile: ile ya risasi moja, ya bei nafuu, inafaa? Nimekuwa nikijibu nusu nusu, mwenzangu yuko njiani kwenda kazini, nami nimeshika usukani. Leo nataka nieleze kwa utulivu, tangu nilivyoingia dukani mpaka nilivyoizoea, pamoja na gharama ambazo hazikuandikwa kwenye kibandiko cha bei.

Tuanze na sheria ya jimbo, maana ndiyo inayoamua bunduki gani ina kazi na ipi haina. Kwa miaka mingi Ohio haikuruhusu raifo kabisa kwa kulungu. Watu waliwinda kwa shotigani zenye risasi moja nzito, au kwa bunduki za kushindilia baruti mdomoni. Mwaka 2014 jimbo likafungua mlango kwa raifo zinazotumia risasi za ganda lililonyooka, yaani ganda lisilobana shingoni, kuanzia kaliba (upana wa risasi kwa inchi) .357 hadi .50. Michigan ilifanya hivyo mwaka huo huo kwa sehemu yake ya kusini, na Iowa ikafuata 2017. Sababu utaielewa ukisimama kwenye mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa: nchi ni tambarare, nyumba zimetawanyika kila upande, na risasi hizi nzito, zisizo na kasi kubwa, huanguka mapema kuliko zile za kasi. Watengenezaji wakaliona soko. Winchester ilitoa .350 Legend (jina linasema .350, lakini risasi yake inahesabiwa ndani ya kipimo hicho) mwaka 2019 ikiwalenga hasa wawindaji wa majimbo ya aina hii, na bunduki za risasi moja zikapata wateja wapya. Kwa hiyo usije na raifo ya .308 au .243 (ganda lake limebana shingoni) uliyouziwa na rafiki aliyehama kutoka Texas. Ni risasi nzuri mno, lakini huku kwa kulungu haziruhusiwi.

Sababu yangu ya kuchagua risasi moja haikuwa bei peke yake. Mimi ni mashoto. Bunduki ya bolti, ile unayovuta komeo nyuma na kulisukuma mbele, imetengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Za mashoto zipo, lakini ni chache dukani, kaliba zake ni za kuchagua, na bei inapanda. Ya risasi moja niliyoichagua ni ya kukunja, na bunduki ya kukunja haijali mkono. Inavunjika katikati kwenye bawaba, unaingiza risasi kwenye chemba (tundu lake nyuma ya mtutu), unaifunga, unavuta nyundo kwa kidole gumba, unalenga, unafyatua. Hakuna ganda linalorukia usoni. Kama mwanao ni mashoto na mkeo ni wa kulia, wote wawili wataitumia bunduki hiyo hiyo bila shida.

Tena ni fupi. Bunduki ya bolti inahitaji nafasi ya komeo kwenda mbele na nyuma, ya kukunja haiihitaji. Ukiwa na mtutu wa urefu ule ule, bunduki nzima inapungua inchi kadhaa, na kwenye kibanda cha kuvizia au juu ya kiti cha mtini utaona tofauti.

Sasa fedha. Nilipokuwa nanunua, bunduki ya kukunja ya kawaida ilikuwa karibu dola 400. Jina linalotajwa sana kwa sasa ni CVA Scout, inayotengenezwa Hispania na watu wale wale wa mitutu ya Bergara. Henry nao walianza kuuza ya kwao mwaka 2017, imetengenezwa Marekani, nzito kidogo, mbao zake zinapendeza, na bei iko juu. Zipo nyingine, kama Traditions na Rossi. Juu kabisa ya ngazi iko Ruger No. 1, ambayo mtambo wake huteremka badala ya kukunjwa. Ni bunduki ya kupendeza sana, lakini haihusiki na mtu anayetafuta unafuu.

Dola 400 hizo ni mwanzo tu. Bunduki nyingi za aina hii zinauzwa bila vilengeo vya chuma. Unapewa reli ya kufungia darubini, basi. Darubini ya kuaminika ni dola 150 hadi 250. Pete za kuifungia ni pesa nyingine. Vizibo vya masikio, mfuko wa bunduki, fulana ya rangi ya chungwa ambayo sheria inakulazimisha kuivaa, leseni ya uwindaji, kibali cha kulungu, vyote vinadai. Halafu risasi. Nilipomaliza, jumla ilikuwa imekaribia mara mbili ya bei ya bunduki. Mtu mwenye dola 450 mfukoni hana fedha ya kutosha kuanza kuwinda, ana fedha ya kununua bunduki tu. Afadhali kujua mapema kuliko kufunga darubini ya dola 30 ambayo itapoteza shabaha kwa kutikisika.

Kabla ya leseni kuna kozi ya usalama wa wawindaji, na Ohio haikupi leseni ya kawaida ya kwanza bila hiyo. Naiheshimu kozi ile kuliko kitu kingine chochote katika safari hii. Usiifanye kwa haraka eti upate cheti.

Dukani utajaza Fomu 4473 ya serikali kuu, kisha muuzaji anaita mfumo wa ukaguzi wa taifa kuangalia rekodi zako. Hapa nawaomba wenzangu wahamiaji wasikilize vizuri. Mwenye ukazi wa kudumu anaruhusiwa kununua, lakini atoe namba yake ya uhamiaji na kitambulisho cha serikali chenye anwani anayoishi sasa hivi, siyo ile ya nyumba aliyohama. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ila kwa vighairi vichache, na ni jambo la kumuuliza mwanasheria, siyo mwenye duka. Usijibu swali lolote la fomu ile kwa kubahatisha. Jibu ukichelewa, tulia. Wengi wetu majina yetu yanafanana na ya watu wengine, na kusubiri hakumaanishi umekataliwa.

Lipo jambo moja linalowaingiza watu wetu kwenye balaa bila kukusudia. Ndugu hana karatasi kamili, anakupa fedha zake, anasema, "Kaka, ninunulie tu, wewe unaruhusiwa." Hilo ni kosa la jinai la shirikisho. Fomu inakuuliza waziwazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Na kwa asiye raia, kosa la bunduki linaweza kuwa sababu ya kuondolewa nchini. Mwambie hapana, hata akinuna. Mkaribishe nyumbani ale nyama.

Bunduki ikafika nyumbani, na hapo nikaona faida ambayo muuzaji hakuisema. Bunduki ya kukunja inafunguka vipande vitatu: ubao wa mbele unaoushika chini ya mtutu, mtutu wenyewe, na bodi (mwili wenye nyundo na kifyatulio) pamoja na kitako. Nyumba yangu ina watoto. Bodi iko kwenye kasha la chuma, risasi ziko kwenye boksi jingine lenye kufuli, na nje ya msimu mtutu unalala mahali pake peke yake. Kwa kuwa darubini imefungwa juu ya mtutu na siyo juu ya bodi, ukiitenganisha na kuirudisha shabaha haisogei sana. Hata hivyo huwa napiga risasi ya kuhakikisha kabla ya msimu. Kusafisha nako ni raha, unachungulia mtutu mwisho hadi mwisho na kuona mwanga.

Usalama wake unaoonekana kwa macho ndio ninaoupenda zaidi. Ukiikunja, kila mtu aliye karibu anaona kama ina risasi au haina. Ukivuka uzio, ukipanda mti, ukikutana na mwenye shamba, unaikunja na mazungumzo yanaendelea bila wasiwasi. Mzee mmoja Mmarekani, jirani yangu aliyenifundisha mengi, alikuwa hakubali kutembea nami msituni mpaka bunduki iko wazi mkononi. Kwa bolti ungelazimika kumwamini mtu kwa maneno yake.

Uwanja wa shabaha ndio ulionifundisha upande wa pili. Bunduki ya bolti ya leo, hata ya bei nafuu, inasamehe mambo mengi. Ya kukunja haisamehi namna unavyoishika. Ubao wa mbele umening'inizwa kwenye mtutu wenyewe kwa skrubu. Ukiegemeza ubao huo kwenye mfuko wa mchanga mbele kabisa, risasi inapiga mahali pamoja. Ukiuegemeza karibu na bawaba, inapiga pengine. Ukiushika kwa nguvu kwa mkono, inahama tena. Kwa hiyo chagua mahali pamoja pa kuegemeza, karibu na bawaba, na uwe hivyo kila mara, uwanjani na msituni. Kagua skrubu ya ubao isilegee. Watu waliokuwa na zile Handi-Rifle za zamani, ambazo nazo ni za kukunja, walikuwa wakiweka pete ndogo ya mpira kati ya ubao na mtutu ili kusawazisha mkandamizo, na hila hiyo inasaidia kwa nyingi za aina hii.

Mtutu mwembamba nao unapata moto haraka. Piga risasi tatu, ikunje, iache wazi ipoe, zungumza na watu. Ukipiga mfululizo utaona matundu yanapanda juu ya karatasi, uanze kuzungusha vifundo vya darubini ambayo haina kosa lolote, na kesho yake bunduki ikipoa hutapata kitu.

Halafu teke. Bunduki nyepesi ya pauni sita hivi, ukiipa risasi kubwa, inapiga bega vibaya. Dukani wanaume wanavutiwa na .45-70, risasi yenye heshima ya tangu 1873, na .450 Bushmaster. Rafiki yangu mmoja kutoka Bukavu alikuwa amekwisha kuamua kununua .45-70 kwa sababu, alivyosema, kulungu wa huku ni mkubwa. Nilimpeleka uwanjani, mwenzetu mmoja akamwazima ya kwake. Alipiga chache, akaiweka mezani taratibu, akaniambia, "Ndugu, bega limekufa ganzi. Na hata sijui risasi ya mwisho imekwenda wapi, nilifumba macho." Kufumba macho ndilo tatizo lenyewe. Mtu akishaanza kuogopa teke, anavuta kifyatulio kwa kushtuka, na hapo hakuna bunduki sahihi duniani. Alinunua .350 Legend na hajajuta. Risasi hiyo ya uzito wa greni 150 hadi 180 (karibu gramu 10 hadi 12) inaangusha kulungu vizuri ndani ya yadi 150, na kwenye misitu ya Ohio kulungu wengi tunawapiga karibu zaidi ya hapo. Hata ukinunua nyingine, epuka kuipima kwa ukubwa wake kwenye kiganja.

Fikiria bei ya risasi pia. Dukani ninakonunua boksi la risasi 20 za .350 Legend linaanzia kama dola 25 na kupanda, na la .45-70 linakaribia mara mbili yake. Mtu anayelipa zaidi ya dola mbili kila akivuta kifyatulio hatafanya mazoezi. Kama unaipata ya .357 Magnum, ina siri nzuri: chemba yake inapiga pia .38 Special, risasi laini isiyotikisa bega, na unaweza kumfundishia kijana. Masafa yake kwa kulungu ni mafupi, nisingevuka yadi 100, lakini kwa msitu mnene inatosha.

Kuna zoezi ambalo bunduki ya risasi moja inalifanya vizuri kuliko nyingine yoyote. Mpe mwenzako bunduki akupakilie huku umegeuka. Wakati mwingine anaweka risasi ya kweli, wakati mwingine risasi bandia ya plastiki. Ukivuta kifyatulio penye bandia na mdomo wa bunduki ukachomoka chini, umeiona hofu yako kwa macho yako. Rudia mpaka mtutu utulie. Usitafute dawa nyingine.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona ni hatari kuu ya bunduki hizi, na ambalo watu hawaliongei vya kutosha. Ni nyundo. Bunduki nyingi za kukunja hazina kitufe cha usalama. Usalama ni nyundo kuwa chini. Ndani ya nyingi za kisasa kuna mtambo unaozuia pigo la nyundo lisiifikie pini inayogonga risasi mpaka kifyatulio kivutwe, kwa hiyo bunduki ikianguka ikiwa nyundo iko chini hailipuki. Kulungu akija unaikoki kwa kidole gumba. Sawa. Lakini kulungu akigeuka na kuondoka, una risasi chembani, nyundo iko juu, na inabidi uishushe taratibu kwa kidole huku kidole kingine kinavuta kifyatulio. Fanya hivyo Desemba, saa moja na nusu asubuhi, baridi iko chini ya sifuri, umevaa glavu, na darubini imekaa juu ya nyundo ikiacha nafasi ndogo ya kidole. Kikiteleza, bunduki imelia.

Kwa hiyo haya ninayasema kwa msisitizo wote nilio nao. Funga kile kipande cha pembeni kinachorefusha nyundo, ili kidole kipite kando ya darubini. Baadhi ya bunduki zinakuja nacho ndani ya boksi, nyingine utakinunua kwa bei ndogo. Glavu ya mkono wa kukoki iwe nyembamba au iliyokatwa kidole. Kabla ya kushusha nyundo, elekeza mdomo ardhini mahali ambapo risasi ikitoka haitamgusa mtu, wala mwamba, wala mguu wako. Baadhi ya bunduki zinakubali kukunjwa huku nyundo ikiwa juu, na hiyo ndiyo njia salama zaidi: unaikunja, unatoa risasi, ndipo unaishusha nyundo. Nyingine hazikubali. Uliza dukani, jaribu ikiwa tupu, na ujue ya kwako ni ipi kabla hujaweka risasi hata moja. Halafu fanya zoezi la kushusha nyundo nyumbani bila risasi, ukiwa na glavu zile zile, mpaka kidole kizoee. Kama unamnunulia kijana mwenye mikono midogo na unaona anahangaika na nyundo, usimpe. Mtafutie bolti yenye kitufe cha usalama.

Juu ya kuwa na risasi moja tu, watu wanaogopa kuliko inavyostahili. Sheria ya Ohio hairuhusu zaidi ya risasi 3 kwa jumla, chemba pamoja na magazini, kwenye raifo ya kulungu. Kwa hiyo jirani mwenye bolti amekuzidi mbili tu. Na tofauti kubwa inatokea kichwani. Babu yangu kule Handeni alikuwa na gobole, na alipokuwa akisimulia kuwinda, sehemu ndefu ya simulizi ilikuwa ni kungoja: upepo unatoka wapi, mnyama amesimama ubavu au ameelekeza kifua, kichaka kimekatiza wapi. Kufyatua kulikuwa sentensi moja. Nilipokuwa kwenye kiti changu na kulungu dume amesimama nyuma ya matawi, nilitaka sana kupiga. Nikangoja. Alisogea hatua chache, ubavu ukawa wazi, nikasema Bismillah, nikapiga nyuma ya bega. Kwa risasi tatu mkononi sijui kama ningengoja.

Sisemi kwamba risasi moja ni sawa na nyingi. Kwetu Tanga inajulikana vizuri. Mwaka 1914 askari wengi wa jeshi la Wajerumani walikuwa bado wanabeba Mauser za 1871 za risasi moja, zenye baruti ya moshi uliowaonyesha kwa adui walipo, na kila aliyeweza kupata bunduki ya magazini aliitaka. Aliye vitani anahitaji wepesi wa kupakia. Mwindaji aliyetulia juu ya mti anahitaji risasi ya kwanza iende pake, na hata hivyo lazima ajiandae kwa siku itakapokosea.

Nami ilinifika. Kulungu jike nilimpiga nyuma kidogo kuliko nilivyokusudia, akaruka, akasimama kama yadi 30 mbele akiwa amejikunja mgongo. Mwenye bolti angempiga tena papo hapo. Niliikunja bunduki na ganda halikutoka. Risasi nyingi za ganda lililonyooka za zamani, kama .45-70 na .44 Magnum, zina ukingo kitakoni ambao chuma cha kuvutia kinaukamata barabara. .350 Legend haina ukingo, ina mfereji tu, na kwenye bunduki ya kukunja chuma kidogo chenye springi ndicho kinachouingia mfereji huo. Chemba ikiwa na uchafu, au baridi imekaza, kinaweza kuteleza juu ya ganda na kuliacha ndani. Nilipolitoa kwa ncha ya kisu, yule jike alikuwa ameshaingia vichakani. Nilisubiri muda mrefu, maana damu aliyoacha ilikuwa ya rangi nzito, dalili ya ini. Ukimfukuza mapema mnyama wa namna hiyo anakimbia mbali na unampoteza. Nilimpata mchana, nikiwa na uchungu kwa yale aliyopitia, na kwa dini yangu nyama ile niliweza kuila kwa sababu nilikuwa nimetaja jina la Mungu kabla ya kupiga na risasi ilikuwa imepenya. Tangu siku hiyo nasugua chemba kwa brashi baada ya kila siku ya uwanjani, nabeba kijiti kifupi cha shaba kinachopita ndani ya mtutu kusukuma ganda, na risasi ya pili inakaa kwenye mkanda wa kitakoni, upande wa shavu langu, siyo mfukoni chini ya koti. Nikishapiga tu, hata kama kulungu ameanguka, napakia kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Wanaotaka kuokoa zaidi hununua zilizotumika, na hapo ndipo zinapokuja Handi-Rifle za H&R, zilizotengenezwa Massachusetts na baadaye New York, ambazo watu wengi huku walianzia nazo. Uzalishaji ulikoma 2015. Jina liliuzwa mwaka 2020 na wenye nalo sasa wanatengeneza bunduki za aina nyingine kabisa. Maana yake ni kwamba bunduki ni nzuri lakini vipuri unavitafuta mkononi mwa watu. Jambo la kuogopa zaidi ni mitutu. Bunduki hizo zilibadilishwa mitutu kiwandani, na kuna bodi zenye alama ya SB1, za shotigani, na SB2, za raifo. Mtutu wa raifo ya mkandamizo mkubwa kwenye bodi ya SB1 unaweza kukulipukia usoni. Muuzaji akikwambia mitutu yote inaingia, inawezekana inaingia kweli, na bado ni hatari. Angalia alama kwenye bodi, na mtutu wowote uliounganishwa baadaye upeleke kwa fundi wa bunduki.

Kwa yoyote iliyotumika, vua ubao wa mbele, funga bunduki, kisha itikise mtutu ukiwa umeshika bodi. Ikicheza kwenye bawaba, iache. Iangalie dhidi ya mwanga: pasiwe na pengo kati ya mtutu na bodi. Chungulia chemba kama ina kutu, maana mvua na theluji huacha alama huko. Kagua kitako kwenye kiuno chake, pale mkono unapokamata, mipasuko huanzia hapo.

Baada ya yote haya, jibu langu la simu la Oktoba limebadilika. Zamani bunduki ya risasi moja ilikuwa nafuu kwa mbali, na hilo pekee lilitosha. Leo Savage Axis au Ruger American, za bolti, zinapatikana katika .350 Legend kwa bei isiyoipita sana ya kukunja, na mara nyingine duka likiwa na punguzo zinakuwa chini. Kama unatumia mkono wa kulia, huna watoto wadogo nyumbani, na hii ndiyo bunduki pekee utakayonunua kwa miaka mingi, nunua bolti. Inasamehe zaidi na kitufe chake cha usalama ni rahisi kukielewa. Kama ni mashoto, au bunduki itatumiwa na watu wawili watatu wenye mikono tofauti, au unataka kitu kifupi cha kutunzia vipande vipande kwenye nyumba ya watoto, basi ya kukunja ni chaguo ninalolitetea bila kusita. Chagua .350 Legend au .44 Magnum, weka fedha iliyobaki kwenye darubini na risasi za mazoezi, na usitoke na bunduki hiyo kwenda msituni kabla kidole gumba hakijajua kushusha nyundo gizani.

Binti yangu ameanza kozi ya usalama. Akifaulu, tutakwenda pamoja kwenye siku za vijana, mwezi wa Novemba, kabla ya wiki ya bunduki. Naye ni mashoto. Nimekwisha kuagiza kitako kifupi zaidi na boksi la risasi laini, na zoezi la nyundo tunalifanya sebuleni bunduki ikiwa tupu, tumeikagua wote wawili, yeye kwanza kisha mimi.